Ubeti Ulioiuza Pwani ya Mama

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, nipe dakika moja nikushike mkono tuwe pamoja.

Mimi ni Burhani, mzaliwa wa Mwandusi, kijiji kidogo cha pwani upande wa Pangani. Huku Brussels nimeajiriwa na Ghislain Mwenze, Mkongomani wa Lubumbashi mwenye ofisi ya matangazo ya mtandaoni jirani na Porte de Namur. Kazi yangu ni moja tu: kuwavuta Wazungu waende kutalii pwani ya kwetu. Mteja wetu mkubwa ni Madame Anne-Marie, Mbelgiji anayetaka kujenga hoteli pale pale Mwandusi.

Madame alitaka maneno ya pwani tupu, isiyokanyagwa na mtu. Mimi ushairi sikufundishwa na yeyote. Nimejifunza peke yangu, nahesabu mizani kwa vidole, na sijamwona wa kunitisha. Nikauweka ubeti huu kwenye ukurasa wetu wa Facebook, picha yangu kando, tafsiri ya Kifaransa chini yake:

Njooni kwetu Mwandusi, pwani isiyo mwenyewe,
Upepo wake mwepesi, mchanga hauna jiwe,
Hapana wa kukughasi, ila bahari na wewe,
Njoo upate nafasi, pwani ni yako mwenyewe.

Haukupita muda akaibuka mtu anayejiita Binti Mwani. Alinijibu kwa mizani ile ile na vina vile vile:

Kijana una matusi, mama yako si mwenyewe?
Mwani hapandi Mrusi, hupanda mamayo wewe,
Ukasoma kirahisi, kwa kamba, vigingi, mawe,
Leo wauza nafasi, nani kakutuma wewe?

Kwetu ubeti hujibiwa kwa ubeti. Anayefuta maneno ya mwenzake ameshindwa, na mimi sijazaliwa kushindwa. Sikufuta. Nilijibu, akajibu, nikajibu, akajibu. Watu wa Tanga, Mombasa na Muskati wakafurika kushangilia ugomvi. Madame, asiyejua neno hata moja la Kiswahili, akaona takwimu zinapanda akatuletea chokoleti.

Ndipo Binti Mwani akaniandikia faraghani: "Rudisha ubeti wako kabla haujatumika." Na chini ya ujumbe, kwa herufi ndogo za kijivu, simu ilikuwa imetaja mahali alipokuwa mwandishi.

Haikuandikwa Pangani. Iliandikwa Forest.

Forest, mtaa wa hapa hapa Brussels, ninakolala mimi.

* * *

Forest nilimjua mtu mmoja tu aliyeuelewa ukurasa ule ndani na nje. Warda, Mrundi wa Bujumbura, mtengenezaji wa picha wa ofisi yetu. Meza yake na yangu zinatazamana.

Asubuhi nilimkuta amejichomeka visikizi masikioni.

"Binti Mwani!" nikamwita.

Aliendelea kutikisa kichwa kwa muziki wake.

Nikavivuta visikizi. "Binti Mwani, nakusemesha!"

"Unaniita nani, weye?"

"Usijifanye hujui. Unakaa Forest. Unakunywa kahawa na mimi mchana, halafu unanichoma mgongoni. Mnafiki mkubwa!"

Ofisi nzima iligeuka. Warda alinitazama kama anayetazama mlevi wa metro.

"Burhani, uko muzima? Mi nimezaliwa Buyenzi, mbele ya ziwa. Huo mwani wenu hata sijui kama unapikwa ao unavaliwa. Mashairi? Mi hata SMS naandikaka na makosa."

Watu wakacheka. Walinicheka mimi.

Nilijua nimekosea. Lakini kichwa changu kigumu kiligoma kuinama mbele ya watu, nikageuka kwenda kuketi.

"Ngoja," Warda akasema, sasa bila kicheko. "Badala ya kutukana watoto wa wenyewe, ungeuliza ubeti wako uko unaenda wapi. Madame alinituma niutengeneze bango. Trois mètres, mita tatu. Na uso wako juu."

"Bango la nini? La maonyesho ya utalii?"

"Maonyesho gani! La kwenu. La mkutano wa kijiji. Wakaaji watapiga kura kama watamupa madame ile pwani. Juu nimeandika kama alivyotaka: Mwana wa Mwandusi anasema."

Nikarudi mezani kwake.

Ubeti wa kuvutia watalii ulikuwa umegeuzwa ushahidi. Mtoto wa kijiji, kwa jina na sura yake, anawaambia wazazi wake kwamba pwani haina mwenyewe.

Na kwenye pwani ile, maji yakitoka, mama yangu Fatuma huinama na kamba zake za mwani. Mwani ndio ulionivisha, ukanilisha, ukanipandisha ndege. Baba alipofariki hatukubaki na kingine.

Niliingia kwa Ghislain bila kupiga hodi.

"Patron, lile bango lisiende."

"Bango gani?"

"Lenye uso wangu."

"Bon. Limeshafika. Liko Tanzania tangu lundi, Jumatatu."

"Lile ni tangazo la watalii! Si ushahidi wa ardhi!"

"Nani amesema ushahidi? Bantu ba kwenu banaogopa. Bakiona mutoto wao njo anasema, banatulia. C'est tout, basi. Inaitwa communication."

"Mama yangu analima mwani pale."

Ghislain alijikuna kidevu. Si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba kila kitu kwake kina dawa.

"Maman yako atapata kazi mu hoteli," akasema. "Atafua mashuka."

"Mama yangu afue mashuka ya wageni juu ya shamba lake mwenyewe?"

"Kaa chini."

"Sikai!"

"Basi simama. Lakini sikiya vizuri. Ile permis yako ya kazi, nani anaisignaka kila mwaka? Ni miye. Samedi, Jumamosi hii, madame anafungua Skype na réunion ya kijiji. Weye utasimama hapa, utasoma ubeti, utacheka kidogo. Alors, unasoma ao hausome?"

Nilimkazia macho. Bila sahihi yake sina kazi, na bila kazi sina ruhusa ya kukaa Ubelgiji. Alijua, nami nilijua.

"Nitasoma ubeti," nikamwambia.

Sikumwambia upi.

* * *

Naishi kwa shangazi yangu Hawa, dada wa marehemu baba. Aliolewa na Mrundi, Papa Hamissi, na ndio walionipokea huku. Shangazi hushinda Koekelberg akiwahudumia wazee wa Kibelgiji kwenye makao yao, akarudi nyumbani kiuno kinamuuma na ulimi u mzima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa ule."

Wali, na samaki wa nazi ya kopo. Sikuwa na hamu. Nilikuwa nikichorachora wali kwa kijiko.

"Mbona hujanijibu?" akauliza.

"Si nimekuamkia, shangazi?"

"Sisemi salamu. Ubeti wangu wa juzi. Hujaujibu."

Kijiko kilinitoka mkononi.

Papa Hamissi alijikunja kwa kicheko. "Hawa, nilikuambia utamuuwa mutoto na presha! Bantu ba pwani, hata kugombana munagombanaka na nyimbo!"

"Shangazi... Binti Mwani ni wewe?"

"Ulidhani mashairi umeyazaa wewe?"

"Tunalala nyumba moja! Kwa nini usiniambie hapa mezani?"

"Ningekwambia hapa ungesema ndiyo shangazi, ungekula, ungelala, na ubeti ungebaki pale pale. Umetuvua nguo barabarani, Burhani. Nami nimekwenda kutufunika barabarani."

"Watu wananicheka dunia nzima!"

"Wewe wanakucheka. Mama yako wanamhamisha."

Nikaisukuma sahani kando.

"Mama anajua ni wewe?" nikauliza baadaye.

"Wifi yangu? Thubutu! Kwake wewe hukosei. Ulipochoma banda la kuku ukiwa mdogo, alisema kuku ndio waliochezea kiberiti."

"Basi nifanye nini?"

"Ulilolisema kwa ubeti mbele ya watu, lirudishe kwa ubeti mbele ya watu. Kuna njia nyingine?"

Njia nyingine ilikuwapo. Nilikuwa nayo mfukoni: simu. Nikaenda chumbani nikampigia mama, nikiwa nimeazimia kumweleza yote.

"Mwanangu!" Sauti yake ilicheka hata kabla ya salamu. "Nimekuona! Uko ukutani skuli, mkubwa kama mlango. Watu wananipongeza. Bi Rayhana aliyekuwa hanisalimu, leo kanisalimu mara mbili."

"Mama, lile bango..."

"Nimesimama chini yake nikapigwa picha."

Nambie, msomaji, wewe ungeivunja furaha ile? Mimi sikuweza. Na kusema kweli, kulikuwa na jingine ndani yangu. Nilitaka kijiji kizima kinisikie nikiurudisha ubeti kwa ustadi, wajue Burhani hata akitubu anatubu kwa vina. Kwenye simu nani angenipigia vigelegele?

"Jumamosi utanisikia, mama. Niombee dua."

"Nakuombea. Na mimi nina langu la kukufurahisha."

Sikuuliza ni lipi.

* * *

Jumamosi asubuhi tulikusanyika ofisini. Madame Anne-Marie alileta mikate ya siagi na shada la maua. Warda alikuwa akiunganisha kompyuta na projekta iliyoelekezwa ukuta mweupe, hakuniitikia salamu.

Shangazi alikuja pamoja nami, kanga juu ya koti la baridi.

"Na maman huyu?" Ghislain akauliza.

"Shangazi yangu. Amekuja kunisikia."

"Karibu, maman. Ukae huku nyuma."

Ukuta ukawaka. Nikaona darasa nililosomea, watu wamejaa hadi madirishani, na lile bango lenye uso wangu likinikodolea macho. Mbele kabisa alikaa mama. Alinipungia mkono kama mtoto.

Bwana Jamal, mwenyekiti wa kijiji, akasogea karibu na kamera. "Burhani, unatusikia?"

"Nawasikia, mwenyekiti. Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam. Wawekezaji wanasema una neno. Tunakusikiliza."

Ghislain alinigusa bega. "Cheka kidogo," akanong'ona.

Sikucheka. Nilivuta pumzi, nikatoa sauti:

Mwandusi nisikieni, nimekuja kuungama,
Nilinena ya uhuni, nikamsahau mama,
Pwani haiko sokoni, ina wenyewe wazima,
Ubeti ule zikeni, nami nimeshautema.

Halafu sauti ya mwanamke ikapasuka kutoka nyuma: "Rudia!" Vigelegele vikafuata, watu wakagonga madawati.

Madame naye akapiga makofi, akanong'ona kwamba Kiswahili ni lugha tamu mno.

Ghislain alikuwa na rangi ya jivu. "Umeniuwa, petit," akasema bila kufungua meno. "Na weye umejiuwa."

Sikujali. Kifua kilinijaa. Nilijiona nimeiokoa pwani kwa mistari minne.

"Burhani," mwenyekiti akasema, akiinua mkono kutuliza watu. "Tumekusikia na tumekuelewa. Lakini habari ya jana unayo?"

"Habari gani?"

"Jana wenye vipande vya mwani waliitwa mmoja mmoja, wakaulizwa kama wanaridhia. Wote waligoma. Isipokuwa mmoja."

Nikaona mama ameinamisha kichwa.

"Mama yako ametia dole gumba. Na unakijua kipande chake kilipo. Ndicho cha njia ya kushukia majini. Akikitoa hicho, vya wenzake watavifikia wapi?"

"Mama!"

Akainua uso. "Si wewe uliyesema, mwanangu? Limebandikwa kila mtu anaona. Nikasema, Burhani yuko Ulaya, anayajua tusiyoyajua. Akisema pwani haina mwenyewe, mimi nani nibishe? Nilitaka kukufurahisha."

"Nilikosea, mama. Nimekosea sana. Lirudishe dole lako."

"Mkutano haujafungwa," Bwana Jamal akasema. "Anaweza kulirudisha, mradi atamke mwenyewe mbele ya watu. Mama Burhani, unasemaje?"

Mama akasimama. Akajitanda kanga vizuri, akakohoa kidogo. Naapa kwa Mungu alikuwa analirudisha. Nilimwona midomo ikifunguka.

Lakini shangazi yangu hakuweza kungoja.

Alimpita Ghislain, akasukuma kiti, uso wake ukajaa kwenye kamera. "Lirudishe, wifi! Ndilo nililokuwa namwambia huyu mwanao muda wote huu! Ndiyo sababu nikamjibu!"

Mama alifunga mdomo.

"Ukamjibu wapi?" akauliza taratibu.

Shangazi alishituka, kama mtu aliyekanyaga kigae. "Si kule... kule mtandaoni..."

"Binti Mwani ni wewe, Hawa?"

Shangazi alishusha macho.

"Ulisema nikupe mwanangu umlee," mama akasema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Nikakupa. Ukamfanya kichekesho. Ule ubeti wako umeimbwa hadi sokoni, Hawa. Nimeimbiwa mimi, nikiwa na kapu langu la mwani kichwani. Nikalia, nisijue adui yangu ni nani. Kumbe adui anamlaza mwanangu kwake."

"Wifi, nilikuwa naitetea pwani yako..."

"Na leo umemsimamisha hapo ajidhalilishe mbele ya wazee, ili ushinde wewe."

"Mama, maneno ni yangu!" nikapiga kelele. "Sikutumwa na mtu!"

"Nyamaza, Burhani. Nazungumza na wifi yangu."

Akaugeukia mkutano.

"Mwenyekiti, andika."

"Niandike nini, Mama Burhani?"

"Dole langu lakaa lilipo. Mwanangu hakusema uongo. Aliyesema uongo ni aliyemtukana."

Nyuma yangu nilisikia Ghislain akishusha pumzi. Akamwinamia Madame akamtafsiria kwa Kifaransa, maneno machache tu: maman amekubali. Madame alishika kifua, machozi ya furaha yakamlenga. Warda akafumba macho. Shangazi alikuwa bado mbele ya kamera, akiikunjakunja ncha ya kanga.

Na kule ukutani, wanawake wa mwani waliokaa pamoja na mama walianza kunyanyuka. Mmoja akahamia dawati la nyuma. Wa pili akamfuata. Hawakumwambia kitu. Walimwachia tu benchi lote peke yake, naye akakaa wima, kidevu juu.

Wazee waliinamiana wakateta. Kisha Bwana Jamal akarudi kwenye kamera, kalamu mkononi.

"Burhani, hapa tuna mashaka, na wewe ndiye wa kuyatoa. Mama yako anasema hukusema uongo. Wewe unasema ulisema. Mmoja wenu lazima tumwandike mwongo mbele ya kijiji, akiwa yeye dole lianguke, ukiwa wewe lisimame. Sema wewe. Tumwandike nani?"

Mwandusi nzima ilinigeukia. Mama naye alinigeukia, akatabasamu kunipa moyo, akiwa na hakika kabisa nitamtetea.